Jini Amekaa Mahali pa Nani? Njia za Kutisha kutoka Bahla hadi Mkunazini

Kila ifikapo mwisho wa Oktoba, hata sisi tulioko Maskati hatuepuki Halloween. Simu zetu hujaa picha za maboga yaliyotobolewa macho na za watu waliojipaka damu ya rangi. Jamaa zetu walioko Uingereza na Kanada hututumia video za kitu ambacho katika chama chetu tumekubaliana kukiita "njia ya mizuka". Ni njia ya matembezi ya usiku, nje, msituni au katikati ya shamba la mahindi, ambayo mtu hulipa kiingilio ili atishwe. Humo hutokea mtu mwenye msumeno, maiti anayeamka, mtoto anayelia gizani. Mwisho wa njia pana duka la vinywaji, na kila mtu hurudi nyumbani akicheka.

Katika mkutano wetu mmoja lilitolewa pendekezo kwamba chama nacho kitengeneze njia ya mizuka, lakini kwa mizuka ya kwetu: majini, vibwengo, chunusi, wanga na popobawa. Tulibishana sana. Wapo walioona ni kuiga sikukuu ya watu wengine. Wapo waliosema kwamba kucheka na hofu hakumdhuru mtu, na kwamba watoto wa Oman tayari wana usiku wao wa kupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, yaani qaranqasho katikati ya Ramadhani, ingawa usiku huo hauna vitisho. Ndipo mmoja wetu akauliza swali lililotunyamazisha: hiyo mizuka ya kwetu, ni ya nani?

Insha hii ni jibu letu. Tumefuata simulizi za kutisha zilizoambatana na mahali, kuanzia hapa Oman hadi pwani ya Afrika Mashariki ambako familia zetu nyingi zilitoka au zilipita. Hoja yetu ni hii: mara nyingi, mahali paliposimuliwa kuwa na jini, palikuwa na mtu ambaye jina lake limesahaulika au halitakiwi kutajwa. Hatuingii katika suala la kuwapo kwa majini. Hilo ni la imani, na dini yetu imelisemea. Tunauliza swali la historia tu: jini amekaa mahali pa nani?

Hofu ilivyoanza kuuzwa kwa tiketi

Halloween ina asili ya zamani Ireland, katika Samhain, sikukuu ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi. Iliadhimishwa usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, na watu waliamini kwamba usiku ule mpaka baina ya walio hai na waliokufa hulegea. Baadaye Kanisa liliiweka siku hiyohiyo kuwa ya Watakatifu Wote, na jina la Halloween likatokana na mkesha wake. Wairishi walipohamia Marekani kwa wingi baada ya njaa ya viazi iliyoanza 1845, mkesha wao ulisafiri nao. Kwao walikuwa wakichonga turnipu; Marekani walikuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga.

Kutishwa kwa malipo ni jambo la juzi tu. Kule Hollycombe, Uingereza, bado ipo nyumba ya mizuka ya mwaka 1915 iliyotengenezwa na Orton and Spooner na kuendeshwa kwa mvuke. Miaka ya 1930, wakati wa ukata mkubwa Marekani, vijana walikuwa wakiharibu mali za watu usiku wa Halloween, basi wazazi na wakuu wa miji wakaanza kuandaa karamu na njia za vitisho ili kuwashughulisha. Mwaka 1969 Disneyland ikafungua Haunted Mansion, na mwaka 1973 bustani ya Knott's Berry Farm, pia California, ikaanzisha usiku wake wa kutisha. Tangu hapo hofu imekuwa biashara ya msimu, kama nguo za Idi.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Mkesha wa zamani ulihusu wafu wanaojulikana: wa nyumba ile, wa kijiji kile. Maiti wa njia ya mizuka ya leo hana jina, hana ukoo wala kaburi. Ndiyo maana hatishi zaidi ya dakika moja. Mizuka ya kwetu si ya namna hiyo. Imefungwa kwenye mti fulani, kisima fulani, ukuta fulani.

Bahla: ukuta uliojengwa usiku mmoja

Ukuta mashuhuri kuliko yote kwa simulizi za majini hapa Oman uko Bahla, mji wa chemchemi na mitende katika Mkoa wa Dakhiliya, mwendo wa kilomita kama 200 kutoka Maskati. Jina la Bahla likitajwa, mtu hutabasamu au husoma dua. Anayetoka huko hutaniwa kwa uchawi hata kama ni mhandisi wa petroli. Bibi zetu waliozaliwa Unguja na Pemba, ambao wengine hawakuwahi kuiona Oman mpaka walipokuwa watu wazima, walilijua jina hilo kutoka kwa wazee wao.

Tulikwenda chama kizima, kwa basi dogo, tukatembea pembezoni mwa ukuta mpaka jua lilipotushinda. Ukuta huo unazunguka mji na mashamba yake kwa urefu wa kilomita kama 12. Katikati imesimama ngome kubwa ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, makao ya Wanabahani waliotawala baina ya karne ya 12 na mwisho wa karne ya 15. Simulizi inasema ukuta ulijengwa na majini kwa usiku mmoja. Nyingine inamtaja mwanamke, Ghaitha, kuwa ndiye aliyeupanga. Na sokoni wazee husimulia juu ya mti uliofungwa minyororo ili majini wasiuchukue.

Kilichotushangaza ni habari ya ngome yenyewe. UNESCO iliiweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka mmoja tu baadaye ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikimomonyoka na sehemu zake kuanguka kila mvua zinyeshapo. Haikutolewa kwenye orodha hiyo mpaka 2004, baada ya kazi ya miaka mingi ya ukarabati. Udongo ndivyo ulivyo. Ukuta wa udongo haujengwi mara moja ukaachwa. Hupakwa upya kila mara, kizazi baada ya kizazi. Basi hata kama mtu atashikilia kwamba majini walijenga kwa usiku mmoja, lazima akubali kwamba watu walikuja asubuhi iliyofuata wakiwa na ndoo na majani ya kuchanganyia udongo, na wakaendelea kuja kwa mamia ya miaka. Hao ndio hawana simulizi. Anayetajwa ni jini, na kwa bahati Ghaitha.

Hali ni hiyohiyo katika falaji, mifereji ya maji ambayo bila yake Dakhiliya isingekuwa na tende wala mji. Inasimuliwa kwamba Nabii Sulaiman bin Daud alipita Oman, akaona ukame, akawaamuru majini wachimbe falaji 10,000 kwa siku 10. Hadi leo falaji zinazochimbwa chini ya ardhi huitwa za Daudi. UNESCO ilipoziingiza falaji tano za Oman katika orodha yake mwaka 2006, dunia ilisifu ufundi wa Waomani. Ufundi huo una wenyewe. Watu wa kabila la Awamir, kwa mfano, walijulikana kwa kazi ya kuchimba na kurekebisha falaji, wakiingia kwenye mashimo membamba ambamo ardhi ikiporomoka hakuna wa kukutoa. Mtu akiangalia shimo la namna hiyo anaelewa kwa nini watu waliona ni rahisi zaidi kusema kwamba ni kazi ya majini.

Gede: mji unaokutazama

Kutoka Bahla hadi pwani ya Afrika njia si ndefu kama ramani inavyodhania. Watawala wa Pate, katika visiwa vya Lamu, walijiita Wanabahani, na tarehe ya mji wao inadai kwamba walitoka Oman. Tunaijua pia njia ya vita: Wayaaruba waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, wakawafuata mpaka Mombasa, na mwaka 1698 wakaitwaa Ngome ya Yesu baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Watu, mali na hadithi vilipita njia hiyohiyo.

Kusini ya Malindi, karibu na Watamu, yako magofu ya Gede. Wachache wetu wamewahi kufika huko walipokwenda kuwatembelea jamaa zao Mombasa. Ukiingia, unatembea kwenye njia ya mchanga chini ya miti mikubwa, mizizi ikiwa imekumbatia kuta za mawe ya matumbawe. Kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, sawa na 1399. Hakuna mtu aliyejificha nyuma ya mti akiwa na msumeno, lakini waongozaji na wenyeji watakuambia mahali hapa pana wenyewe, na kwamba wazee wa zamani wanakuangalia. Hata James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba hapo kuanzia 1948 hadi 1958, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinachomtazama kutoka nyuma ya kuta.

Mji huu ulistawi tangu karne ya 13 ukaachwa katika karne ya 17. Vigae vya kauri ya China vilivyopatikana humo vinaonyesha biashara yake ilifika mbali. Hata hivyo, Wareno walioishi Malindi, kilomita chache tu, hawakuutaja katika maandishi yao. Sababu za kuhamwa zinajadiliwa: maji ya visima kushuka, vita, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini, biashara kuhamia Mombasa. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Swali letu tuliliuliza hapa pia. Kinachosimama Gede ni nyumba za mawe, yaani nyumba za matajiri. Wakazi wengi wa miji ya Waswahili waliishi katika nyumba za udongo na makuti, na nyumba hizo zimerudi ardhini. Mgeni anapotembea kwenye magofu anadhani mji ulikuwa wa masultani na wafanyabiashara tu. Wengine wote wamebaki kuwa "kitu kinachotutazama". Jina la "mji wa mizuka" huleta watalii, na hatulaumu, kwa sababu watalii huleta fedha za kutunza mahali. Lakini mzuka asiye na jina si mwenyeji. Wenyeji walikuwa wavuvi, wahunzi, wafumaji, wanawake walioteka maji kwenye vile visima hadi vikakauka.

Unguja: waliozikwa chini ya nguzo

Hapa tunafika mahali ambapo insha hii imetuwia ngumu kuandika.

Wengi wetu tumesikia utotoni kwamba chini ya kila nguzo ya Beit al Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, walizikwa watumwa ili jengo lisimame imara. Simulizi kama hiyo husemwa kuhusu jumba la Mambo Msiige: kwamba kuta zake zina mayai katika chokaa na watu waliozikwa hai ndani yake. Hatujui ushahidi wowote wa kuthibitisha kwamba watu walizikwa hivyo. Jengo lililodaiwa kuimarishwa kwa roho za watu, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakafa.

Mkunazini pana njia ya kutisha yenye tiketi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na juu ya uwanja wake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Pembeni, mgeni huteremshwa kwenye vyumba vya chini, vifupi na vyenye giza, na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Baadhi ya wanahistoria wameeleza kwamba jengo lililo juu yake ni la hospitali ya wamisheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watumwa watano waliofungwa minyororo, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998.

Mtu anaweza kuikamata habari ya vyumba hivyo akasema: kumbe yote ni uongo wa kuwatisha watalii. Sisi tunakataa njia hiyo ya mkato. Chumba kikiwa si chenyewe, soko lilikuwapo. Maiti chini ya nguzo wakiwa ni hadithi, waliobeba mawe na mboriti, waliolima karafuu, waliochota maji ya majumba yale, wengi wao walikuwa watumwa, na hilo si hadithi. Simulizi ya nguzo ilikuwa njia ya watu kusema kwamba jumba limesimama juu ya migongo ya wengine, wakati ambapo kulisema wazi kulikuwa na hatari au aibu.

Nasi tunahusika. Miongoni mwetu wanachama wapo ambao mababu zao walimiliki watu, wapo ambao mababu zao walimilikiwa, na wapo, pengine wengi zaidi, wenye damu zote mbili. Nyumbani tunaambiwa jina la babu hadi la saba upande mmoja, na upande mwingine tunaambiwa "bibi yako alikuwa mtu wa shamba", basi. Mahali jina linapokatikia ndipo mzuka unapoanzia.

Waliochukuliwa

Hapa Oman kuna simulizi za mughayyab: mtu anayedhaniwa amekufa, akaoshwa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua na kumfanya mtumishi wake. Huonekana usiku, hana fahamu ya nafsi yake, na jamaa zake wakimwona hawawezi kumrudisha. Tanzania bara mtu wa namna hiyo huitwa msukule, naye hulimishwa usiku shambani kwa mchawi. Bahari nzima iko kati ya simulizi hizi mbili, lakini hofu ni moja: kwamba mtu wako anaweza kuchukuliwa, akawa hai mahali fulani, akifanya kazi ya mwingine, asikumbuke jina lake.

Hatuwezi kuzisikia simulizi hizi bila kukumbuka kwamba katika karne ya 19 mabaharia waliokuja Unguja kwa msimu wa kaskazi waliiba watoto na watumwa wakaondoka nao jahazini. Mama aliyemwambia mtoto asitoke usiku hakuwa akibuni. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na hapa Oman mwaka 1970. Hiyo 1970 si zamani. Bibi zetu walikuwa wasichana.

Pemba na Unguja wanaikumbuka pia hofu ya karibu zaidi. Mwaka 1995, kuanzia Ramadhani, habari za popobawa zilienea Pemba kisha Unguja. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto, wakikesha. Mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa ndiye popobawa, akauawa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na wazee walisema kwamba popobawa alisikika mara ya kwanza mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi yenyewe. Hatusemi kwamba siasa ndiyo iliyomleta. Tunasema kwamba mahali ambapo jirani anamwogopa jirani, na mambo makubwa hayazungumzwi mchana, hofu hutafuta sura nyingine usiku.

Katika nyumba zetu Maskati, mwaka 1964 huitwa "wakati ule". Watu huusema kwa sauti ya chini, kisha chai huletwa.

Tulichoamua

Hatukutengeneza njia ya mizuka. Si kwa sababu Halloween ni dhambi au ni ya wageni; mwanachama anayetaka kuvaa kinyago na avae. Tuliacha kwa sababu tungelazimika kumvika mtu mavazi ya mtumwa aliyezikwa chini ya nguzo, au ya mughayyab, halafu watu wacheke na kwenda kununua soda. Hao si wahusika wa mchezo. Ni jamaa zetu ambao hatujawajua.

Badala yake tumeanza kazi ndogo. Kila mwanachama amechagua simulizi moja ya kutisha iliyosimuliwa katika familia yake, yenye mahali maalumu: mbuyu wa Pemba, kisima cha shamba la Unguja, falaji ya kijiji cha Dakhiliya. Kwanza anairekodi kama inavyosimuliwa, kwa Kiswahili cha msimulizi, bila kuisahihisha. Kisha anauliza maswali matatu: nani alijenga au alichimba hapa, nani aliishi hapa kabla yetu, na nani alikuwapo lakini hatajwi.

Tumejifunza jambo ambalo walimu wetu wa historia watalipenda. Ukimuuliza mzee moja kwa moja kuhusu watumwa wa shambani kwao, au kuhusu "wakati ule", atakuambia umeshakula? Lakini ukimuuliza juu ya kibwengo wa kisimani, anakaa sawasawa, anaeleza kisima kilikuwa wapi, nani aliteka maji alfajiri, na kwa nini yule aliyeteka maji siku moja hakuonekana tena. Jina lake linatoka lenyewe, katikati ya hadithi, na msimulizi pengine hajui kwamba amelitaja. Jini hakumfukuza mwenye mahali. Alikuwa amemwekea nafasi.

Rekodi tulizokwisha kuzipata zimehifadhiwa chamani, na msomaji yeyote mwenye mzee nyumbani anakaribishwa kuongeza yake. Tunawaomba wenzetu mfanye haraka, kwa sababu wasimulizi wetu wengi wamekwisha kupita miaka themanini.